Lori kuukuu mbele ya kipimo cha moshi

Na Mwandishi Wetu

Mwenye yadi akikuambia kwamba lori "lina moshi kidogo tu, litaacha likipata joto", ujue hapo ndipo bei inapoanza kujadiliwa. Moshi ule una thamani yake kwa fedha taslimu, na mara nyingi muuzaji anaijua thamani hiyo vizuri kuliko mnunuzi. Wiki hii safu yetu inaziacha kidogo bei za mahindi, saruji na mabati, ili iangalie mali ambayo wasomaji wetu wengi wameizamishia mtaji, au wanafikiria kufanya hivyo: lori la mizigo lililokwisha kutumika, la miaka kumi na tano, ishirini au zaidi.

Zamani mnunuzi wa lori la namna hiyo aliangalia chesisi kama imepinda, matairi, gia na mlio wa injini. Kadi ikiwa safi, fedha zilihesabiwa na watu wakapeana mikono. Siku hizi kuna swali jingine, nalo linaulizwa na watu ambao hawakuwepo wakati wa kupeana mikono. Rwanda ilianza Agosti 2025 mpango mpya wa kupima moshi wa vyombo vya moto, malori yakiwemo. Wakandarasi wakubwa wa barabara na reli, hasa wale wanaojenga kwa mikopo ya mabenki ya kimataifa, huweka masharti ya mazingira ndani ya mikataba yao na wenye malori. Mwenye lori moja au mawili husaini mikataba hiyo akiwa anatazama ukurasa wa malipo peke yake.

Mwandishi wa safu hii hayasemi haya kwa kusimuliwa. Mimi na mwenzangu tulinunua lori la tani kumi, injini ya dizeli ya silinda sita yenye tabo, nusu kwa akiba na nusu kwa mkopo. Kazi ilikuwa imekwisha patikana, kubeba kokoto na saruji kwa mkandarasi mmoja wa barabara. Ndani ya mkataba kulikuwa na kifungu tulichokipita haraka haraka: kila gari linaloingia eneo la kazi lipimwe moshi kwanza, na lisilofaulu lisivuke geti. Lori letu lilipimwa Jumatatu asubuhi. Kiwango cha juu kilichokubalika kilikuwa 3.0, na sisi tulipata 4.6. Mlinzi alishusha kizuizi, dereva akageuza, na jioni ile tulikuwa na lori zuri, lenye nguvu, ambalo halina kazi. Benki, kama ijulikanavyo, haina kifungu cha moshi katika ratiba yake ya marejesho.

Mashine inaona nini

Kwanza tuelewane kuhusu kipimo chenyewe, maana wengi wanakichanganya na kile cha magari madogo. Gari la petroli hupimwa gesi zinazotoka kwenye eksozi, hasa kaboni monoksaidi na mabaki ya petroli isiyoungua. Lori la dizeli la zamani hupimwa weusi wa moshi. Mpimaji anaingiza bomba ndani ya eksozi, moshi unapita kwenye chumba kidogo, upande mmoja kuna taa na upande wa pili kuna jicho la umeme. Kadiri masizi yanavyozuia mwanga usifike kwenye jicho, ndivyo namba inavyopanda. Wengine wanaitoa namba hiyo kwa asilimia ya mwanga uliozuiwa. Ulaya wanatumia kipimo kinachohesabiwa kwa kila mita ya moshi, na huko injini za zamani zisizo na tabo ziliwekewa 2.5, zenye tabo 3.0, na magari yaliyosajiliwa kuanzia Julai 2008 yakashushiwa hadi 1.5. Mkandarasi wetu alikuwa amechukua namba hizo hizo za Ulaya.

Jambo ambalo wenye malori wengi hawalijui ni kwamba lori halipimwi likiwa linatembea na mzigo, wala likiwa limesimama linanguruma taratibu. Linapimwa kwa kukanyagwa. Gia inaachwa huru, injini inanguruma chini, halafu mpimaji anakandamiza pedali ya mafuta hadi mwisho kwa haraka, chini ya sekunde moja, na kusubiri mpaka gavana izuie mwendo wa injini usipande zaidi. Kisha anaachia. Anarudia hivyo mara kadhaa, na wastani wa mara tatu ndio unaoandikwa. Utaratibu unaotumika Marekani unataka kwanza mikanyago mitatu ya kusafisha bomba, halafu mitatu ya kuhesabiwa, na matokeo ya ile mitatu yasitofautiane sana.

Kwa hiyo kinachopimwa ni sekunde moja au mbili za mshituko. Katika sekunde hizo dizeli inafika ndani ya silinda kabla tabo haijazunguka vya kutosha kusukuma hewa ya kuiunguza. Ndiyo sababu injini yenye tabo iliruhusiwa namba kubwa kidogo. Ndiyo sababu pia lori linaloonekana halina moshi barabarani linaweza kuaibika mbele ya mashine, na dereva akaapa kwamba ameonewa. Dereva wetu aliapa.

Hapa niongeze tahadhari moja. Kukanyaga injini kuukuu hadi mwisho mara sita mfululizo si mchezo. Gavana ikiwa mbovu au oili ikiwa chini, injini inaweza kuharibika pale pale kwenye kipimo. Mpimaji mwenye akili huangalia oili, joto na gavana kabla hajakanyaga, na mwenye lori mwenye akili humtangulia.

Hewa, nozeli na ile skrubu

Moshi mweusi maana yake ni moja tu: dizeli imekuwa nyingi kuliko hewa. Ama hewa imepungua, ama dizeli imezidi, ama dizeli ni ya kiasi sawa lakini inamwagika badala ya kupulizwa kama ukungu. Fundi mzuri hufuata mpangilio huo, akianzia kwenye kitu cha bei ndogo. Fundi mbaya huanza kwa kufungua injini nzima, kwa sababu hapo ndipo penye ujira mnene.

Sisi tulianza na hewa. Filta ilikuwa imejaa vumbi hadi unaweza kupanda mchicha juu yake, na mpira wa kupeleka hewa kutoka kwenye tabo ulikuwa umepasuka chini, mahali pasipoonekana mpaka uinamie. Tulibadilisha vyote viwili. Namba ikashuka kutoka 4.6 hadi 4.1. Haikutosha, lakini kwa gharama ile hakuna matengenezo mengine yatakayokupa nusu nzima ya namba.

Hatua ya pili ilikuwa nozeli. Zilitolewa zote sita zikapelekwa kwenye mashine ya kupimia, ambako kila moja inasukumwa dizeli kwa mkono na fundi anatazama inavyopuliza na inafunguka kwa shinikizo gani. Nne zilitoa ukungu mzuri. Mbili zilidondosha matone kama bomba la maji lililochoka. Dizeli inayodondoka haiungui yote, inageuka masizi. Tukabadilisha ncha za zile mbili na kuzipanga zote zifunguke sawa. Namba: 3.5. Siku ya saba ilikuwa imekwisha.

Yule fundi, mzee wa makamo ambaye maisha yake yote ameshika pampu za dizeli, ndipo aliponiita karibu na injini. Akaniambia, "Mwanangu, hili lori lilipikwa kabla hamjalinunua. Angalia lakiri." Nikaangalia. Kwenye pampu ya dizeli kuna skrubu ambayo ndiyo inayoamua kiwango cha juu cha mafuta yanayokwenda kwenye injini. Kiwandani huipanga na kuifunga kwa lakiri ili isichezewe. Yetu haikuwa na lakiri, na kichwa cha skrubu kilikuwa na makovu ya spana.

Basi nguvu ile iliyotufurahisha siku ya kujaribu lori, pale lilipopanda mwinuko kwa gia ya juu tukatazamana mimi na mwenzangu na kutabasamu, ilikuwa imeongezwa kwa bisibisi. Muuzaji (jina lake linabaki nami) alikuwa ameifungulia injini dizeli nyingi ili ichangamke mbele ya wanunuzi. Kazi hiyo inafanyika kwa dakika chache na haimgharimu muuzaji chochote. Gharama inahamia kwa mnunuzi, kwenye moshi, kwenye tangi, na baadaye kwenye pistoni, kwa kuwa dizeli iliyozidi huongeza joto ndani ya injini kupita kile kilichokusudiwa.

Kulikuwa na jambo la pili ndani ya pampu hiyo hiyo. Pampu nyingi za injini za tabo zina kifaa kidogo chenye utando wa mpira. Kazi yake ni kuonja shinikizo la hewa inayotoka kwenye tabo na kuizuia dizeli isiende yote mpaka hewa ifike. Kifaa hicho ndicho kinacholinda zile sekunde mbili za mshituko. Madereva wengi hawakipendi kwa sababu kinafanya lori lisite kidogo unapokanyaga, na mafundi wa njiani hukilegeza wakaambiwa ahsante. Utando ukichanika, matokeo hutegemea aina ya pampu, lakini springi ikilegezwa kama yetu ilivyolegezwa, jibu ni moja: wingu jeusi kila mguu ukigusa pedali.

Pampu ilishushwa, ikafungwa kwenye mashine ya kupangia, ikarudishwa kwenye vipimo vya kiwandani na kutiwa lakiri mpya. Kipimo kikasoma 2.2. Siku ya kumi na mbili lori likavuka geti. Dereva hakufurahi kama sisi. Kwa maneno yake, lori sasa linapanda mlima kama bibi harusi. Alikuwa sahihi kwa upande wake, maana lilikuwa limerudi kwenye nguvu zake za kuzaliwa. Lakini mwisho wa mwezi daftari la mafuta lilionyesha lita chache kwa safari ile ile na mzigo ule ule, na yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kulitaja.

Moshi wa rangi nyingine

Moshi mweusi, pamoja na ubaya wake wote, ni ugonjwa wenye dawa. Mnunuzi aogope zaidi rangi nyingine mbili.

Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Inapita kwenye ringi zilizokwisha, kwenye sili za valvu, au kwenye tabo ambayo sili zake zimechoka. Ikiwa ni tabo peke yake, una bahati. Ikiwa ni ringi, injini inafunguliwa, na ukishafungua injini ya lori kuukuu hujui utafunga lini. Moshi mweupe asubuhi kwenye baridi si tatizo, lakini mweupe unaoendelea injini ikiwa imechemka unaonyesha dizeli isiyowaka kwa sababu shinikizo la silinda limeshuka au majira ya pampu yamechelewa. Ukiwa na mvuke na maji ya rejeta yanapungua, fikiria gasketi ya kichwa. Lori la aina hiyo linunuliwe kwa bei ya chesisi na bodi, injini ihesabiwe kama zawadi.

Ujanja wa getini

Popote penye kipimo pana watu wa pembeni. Tulifuatwa na watatu kabla hatujatoka eneo lile. Wa kwanza alishauri tuchanganye mafuta ya taa kwenye tangi. Ni kweli kwamba mafuta ya taa ni mepesi na moshi wake unaweza kuwa hafifu, lakini sehemu za ndani za pampu zinazosukuma dizeli hulainishwa na dizeli yenyewe inayopita humo. Mafuta ya taa hayalainishi kwa kiasi hicho. Unaokoa cheti leo, unazika pampu kesho kutwa. Uchanganyaji huu umekuwa kero kubwa katika eneo letu kiasi kwamba mwaka 2018 Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili kuondoa tamaa ya tofauti ya bei.

Wa pili alijitolea kufunga skrubu ya pampu kwa muda wa kipimo na kuifungulia tukishatoka. Huyu angalau alijua ugonjwa uko wapi. Wa tatu alikuwa na cheti chenyewe mfukoni. Mkandarasi yule alikuwa akirudia kupima ghafla magari yaliyokwisha ingia, na tulisikia ya jirani yetu aliyenunua cheti, akakamatwa mwezi wa pili na kupoteza mkataba pamoja na malipo ya safari alizokwisha fanya. Kwa hiyo hata kwa hesabu kavu ya biashara, ukiweka dhamiri pembeni, cheti kile kilikuwa ghali.

Yako maandalizi halali, na yanasaidia kweli. Lori lisipimwe likiwa baridi. Injini baridi hutoa moshi hata ikiwa nzima, na utaratibu wenyewe unadai oili iwe imefika kwenye joto la kazi, kwa kawaida nyuzi 80 au zaidi. Liendeshe nusu saa kwenye barabara kuu, likiwezekana na mzigo, injini ifanye kazi hasa. Masizi yaliyojikusanya kwenye eksozi kwa wiki za foleni na safari fupi hutoka njiani badala ya kutokea kwenye mashine. Tia filta mpya ya hewa. Nunua dizeli kwenye kituo unachokiamini, siku moja kabla, si pale pale. Ukifika ukakuta foleni, usizime injini ikapoa saa nzima.

Kutoka moshi hadi mwaka wa injini

Msomaji anayefikiria kununua lori leo ili alitumie miaka kumi atazame pia kilichotokea mahali ambapo safari hii ilianza mapema. Bandari za Los Angeles na Long Beach, katika jimbo la California huko Marekani, zimepakana na kwa pamoja hupitisha makontena mengi kuliko bandari nyingine yoyote nchini humo. Makontena hayo kwa miaka mingi yalibebwa na watu wenye lori moja moja, wengi wao wahamiaji kutoka Amerika ya Kusini na ya Kati, na malori yao yalikuwa yale ambayo makampuni ya safari ndefu yamekwisha yatupa. Ni biashara ambayo mtu yeyote wa Kurasini au Changamwe angeitambua.

Kwa muda mrefu sheria ya huko ilitazama moshi tu. Injini za kabla ya 1991 ziliruhusiwa kuzuia mwanga hadi asilimia 55, na za 1991 kuendelea asilimia 40. Lori kuukuu lenye pampu nzuri na nozeli nzuri lilifaulu bila shida. Lakini mwaka 1998 jimbo hilo lilikuwa limeyatangaza masizi ya dizeli kuwa sumu ya hewa, na mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa likauweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Hoja ikahama kutoka "lori hili linatoa moshi kiasi gani" na kuwa "injini hii ni ya mwaka gani".

Tarehe 1 Oktoba 2008 bandari hizo mbili zilifunga mageti kwa malori yaliyotengenezwa kabla ya 1989. Tarehe 1 Januari 2010 zikafuata ya 1993 kurudi nyuma, pamoja na ya 1994 hadi 2003 yasiyofungwa vifaa vya kuchuja. Tarehe 1 Januari 2012 likabaki lile tu lililofikia kiwango cha injini za 2007. Halafu jimbo zima likaingia: kuanzia Januari 2023 karibu kila lori la dizeli la uzito wa jumla unaozidi ratili 14,000, yaani kama kilo 6,350, lilitakiwa kuwa na injini ya 2010 au ya baadaye, la sivyo halisajiliwi. Na Oktoba 2024 ukaanza upimaji wa mara mbili kwa mwaka juu ya hayo yaliyobaki.

Mfanyabiashara atazame hizo tarehe kama anavyotazama tarehe za marejesho. Kila moja ilitangazwa mapema, na kila moja ilifuta soko la aina fulani ya lori ndani ya eneo hilo kwa usiku mmoja, hata kama lori lenyewe lilikuwa zima na moshi wake hauonekani. Aliyeuza mwaka mmoja kabla alipata mnunuzi. Aliyesubiri mwezi wa mwisho aliuza kwa watu wa nje ya jimbo au kwa wauza chuma chakavu.

Kwetu hali si hiyo. Kanuni ya umri inakugusa zaidi wakati wa kuingiza gari kuliko wakati wa kulitumia. Kenya, kwa mfano, haipokei gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8, lakini lori lililoingia zamani linaendelea na kazi yake. Sisemi kwamba California inakuja hapa wiki ijayo. Nasema kwamba ukinunua lori la mwaka 1996 kwa mkopo wa miaka mitano, umeweka dau pia juu ya kanuni za miaka hiyo mitano, na dau hilo halimo kwenye hesabu yako kama ulihesabu matairi na dizeli tu.

Je, bora lililo jipya kidogo?

Jibu la haraka ni ndiyo, na jibu la haraka limewaponza wengi. Malori ya Ulaya ya miaka ya karibuni yana chujio la masizi kwenye eksozi, na mengi yana tangi la kimiminika cha urea kinachopulizwa ili kupunguza gesi za naitrojeni. Vifaa hivyo vinataka dizeli yenye salfa kidogo. Nchi tano za Afrika Mashariki, yaani Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi, zilishuka hadi sehemu 50 za salfa kwa milioni kuanzia Januari 2015. Hayo yalikuwa mafanikio makubwa, lakini Ulaya dizeli ina sehemu 10. Ongeza dizeli iliyochakachuliwa njiani, na chujio linaziba.

Likishaziba, fundi wa njiani analikata, anaweka bomba tupu, na kompyuta ya lori inadanganywa isilalamike. Lori hilo linatembea. Siku likifika kwenye kipimo ambacho kinajua kwamba lilizaliwa na chujio, linahesabiwa kwa kiwango chake cha kuzaliwa, ambacho ni kikali mno. California, baada ya kukaza kanuni mwaka 2019, injini yenye chujio iliwekewa asilimia 5 tu. Chujio jipya halipatikani kwa bei ya filta na nozeli. Kwa hiyo kati ya lori la 1998 lenye pampu ya kawaida iliyopangwa vizuri, na la 2010 lililokatwa chujio, mwandishi huyu angetoa fedha yake kwa lile la 1998, ilimradi amefunua boneti na kutazama lakiri.

Hesabu yenyewe

Tuchukue mfano. Tuseme lori linaingiza shilingi 150,000 kwa siku baada ya dizeli, posho ya dereva na utingo. Siku kumi na moja za kusimama, kama zetu, ni 1,650,000 ambazo hazitarudi. Sisi tulipojumlisha, siku zilizopotea zilikuwa ghali kuliko filta, mpira, ncha za nozeli na kazi ya pampu kwa pamoja. Mnunuzi anayeombwa apunguziwe "bei ya nozeli" kwa sababu ya moshi anapunjwa. Aombe bei ya nozeli, pampu, na siku. Muuzaji akikataa, apendekeze jambo jingine: lori lipimwe kwanza kwa gharama ya mnunuzi, na fedha zitolewe siku cheti kinapotoka. Muuzaji mwenye lori zima hatapoteza kitu. Yule anayeanza kusimulia habari za wateja wengine wanaosubiri foleni, mwache na wateja wake.

Pasipo mashine, macho yanasaidia kiasi. Injini iwe imechemka. Simama nyuma, umwambie utingo akanyage mpaka mwisho kwa ghafla, aachie, arudie mara nne au tano. Pumzi moja nyeusi inayotoka na kukatika mara moja injini inaposhika mwendo ni ya kawaida kwa tabo ya zamani. Weusi unaoendelea hata injini ikiwa tayari juu, au unaozidi kila mkanyago, ni wa kulipia. Kisha fungua boneti, tafuta pampu, tafuta lakiri. Kutokuwepo kwake si ushahidi wa wizi, kwani pampu nyingi zimewahi kutengenezwa kihalali, lakini mwulize muuzaji ni fundi gani aliipanga na lini. Uliza pia lori lilikuwa likibeba nini na tani ngapi. Gari lililozidishiwa mzigo kwa miaka mingi huwa limefunguliwa skrubu, kwani bila hivyo lisingepanda.

Na mkataba usomwe wote. Uliza nani anapima, mara ngapi, kwa kiwango gani, na ukifeli una siku ngapi za kurekebisha kabla nafasi yako haijapewa mwingine. Sisi tulipewa siku kumi na nne, na hilo tuligundua baada ya kufeli.

Lori bado tunalo. Lilipimwa tena baada ya miezi sita likapata 2.4, yaani limepanda kidogo kutoka 2.2. Fundi wa pampu anasema ni ncha za zile nozeli nne ambazo hatukuzibadilisha mara ya kwanza ili kubana matumizi. Tumepanga zibadilishwe mwisho wa mwezi huu, siku ya Jumapili, wakati geti la mkandarasi limefungwa.